Roboti ina kasi, Gisenyi inataka msingi

MTU aliyerudi Gisenyi na akiba ya miaka ya ugenini, au mfanyabiashara wa mpakani aliyedunduliza faida gunia kwa gunia, hufikiria kwanza kujenga nyumba. Ndiyo maana habari za roboti zinazopanga matofali humfanya atege sikio.

Habari hizo ni za kweli. Nchini Marekani, kampuni ya Construction Robotics ilitengeneza roboti iitwayo SAM, inayodaiwa kupanga hadi matofali 3,000 kwa siku, wakati fundi hupanga kama 500. Huko Australia, mwaka 2018, roboti ya Hadrian X ilisimamisha kuta za nyumba ya vyumba vitatu vya kulala kwa muda usiofika siku tatu. Karibu nasi, mjini Kilifi, Kenya, kuta za nyumba za Mvule Gardens zilijengwa kwa zege lililotandazwa tabaka juu ya tabaka na mashine inayoongozwa na kompyuta.

Swali ni je, mashine hizo zitamfaa mjenzi wa Rubavu?

Kwa sasa, hapana. SAM humhitaji fundi pembeni, wa kusafisha viungo na kujenga kona. Hadrian X hutumia gundi badala ya saruji, na matofali yake lazima yalingane. Tofali letu la kuchoma tanuruni, moja limepinda, jingine limepungua. Fundi hulirekebisha kwa mwiko na kamba.

Isitoshe, ukuta si nyumba. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yalipasua nyumba nyingi Gisenyi na Goma. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika na kuzoa nyumba. Mvua hizo ziliua zaidi ya watu 130 nchini. Hakuna aliyelia kwamba kuta zilichelewa kujengwa. Kinachookoa nyumba ni msingi imara, nondo za kutosha, mkanda wa zege juu ya kuta na kiwanja kilicho mbali na mto.

Tusisahau pia kwamba ujira wa kibarua anayebeba matofali huishia sokoni jioni ile ile, kwa muuza unga na muuza nyanya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye fedha mkononi leo asisubiri roboti. Amtafute fundi hodari, na asimbanie nondo.