Sindano ya Kunenepesha

Mama mmoja wa Kongwa ametuuliza kama bintiye wa miaka 16, aliyekonda sana, achomwe "sindano ya kujenga mwili" aliyoshauriwa na jirani. Mama mpendwa, tunakusihi usikubali.

Dawa unayoitaja, nandroloni, ni jamaa ya homoni ya kiume. Huchomwa ndani kabisa ya msuli ikiwa imeyeyushwa katika mafuta, na kutoka humo huingia kwenye damu polepole kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo madhara yakianza, hakuna namna ya kuitoa. (Mafuta yenyewe mara nyingi ni ya karanga! Huko kwenu Waingereza walianza kulima karanga mwaka 1947, mradi ukafa 1951. Lakini anayedhurika na karanga asiiguse dawa hiyo.)

Madaktari wameitumia kwa mifupa iliyodhoofika na kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, tena kwa uangalifu. Kwa msichana huweza kukatiza hedhi na kuotesha ndevu, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi kamwe. Tena anayekua bado anaweza kubaki mfupi, maana mifupa hukomaa kabla ya wakati. Mjamzito asichomwe kabisa.

Kukonda kwa binti yako kuna sababu yake. Mpeleke hospitali ya wilaya apimwe kifua kikuu, minyoo, kisukari na virusi vya UKIMWI. Tena umwulize taratibu, mkiwa wawili tu, kama huko shuleni anakula mchana.