Usiifukuze Saa ya Kiswahili Kwenye Programu Yako

Mtahiniwa, andika 09/12/1961 kwenye karatasi umwonyeshe mtu yeyote anayesubiri gari la Geita au la Shinyanga pale njia panda ya Usagara. Atakwambia ni siku ya Uhuru wa Tanganyika. Sasa ipe programu iliyoandikwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Itasoma Septemba 12, 1961, wala haitalalamika. Azimio la Arusha, 05/02/1967, litahamia Mei 2. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/01/1964, yatasogea hadi Desemba. Muungano utasalimika, kwa kuwa 26/04/1964 ingehitaji mwezi wa 26, na programu itakataa. Saba Saba na Nane Nane hazidhuriki, lakini ni bahati tu.

Programu inayokataa imekusaidia. Ya kuogopwa ni ile inayokubali kimyakimya. Ndiyo maana unaposoma tarehe kutoka kwenye maandishi, usiiachie kompyuta ibahatishe, itajie muundo. Katika Python utaandika "%d/%m/%Y", yaani siku, mwezi, mwaka. Angalia herufi: %m ndogo ni mwezi, %M kubwa ni dakika, na wengi hupotezea alama hapo. Unapohifadhi, tumia mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka kwanza: 1961-12-09. Faida yake ni kwamba ukizipanga tarehe hizo kama maneno ya kawaida, zinajipanga zenyewe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni.

Hayo yamo kwenye vitabu vyote. Ninalotaka kubishania ni saa.

Wanafunzi wengi huambiwa saa ya Kiswahili waiache getini, kwamba kompyuta haiijui. Ni kweli haiijui. Simu ukiiweka Kiswahili itakuandikia Jumatatu na Januari, ila 20:00 itabaki 20:00. Lakini anayeijazia programu yako taarifa ni mama mwenye duka au karani wa mizigo bandarini, naye ataandika saa 2 usiku. Kumlazimisha abadilishe kichwani ni kumhamishia kazi yako. Na kosa likitokea halionekani, kwa sababu namba zetu zinapishana na za kimataifa kama mapacha: 8:00 asubuhi ni saa 2, na 2:00 mchana ni saa 8. Mtahiniwa akinakili ratiba ya Kiingereza na kuandika "8:00" bila neno la pembeni, kisha mwenzake aisome "saa nane", huyo atafika mlangoni wakati wenzake wamekwisha kurudisha karatasi.

Kwa hiyo ifundishe programu. Saa za asubuhi, mchana na jioni, jumlisha 6: saa 8 mchana inakuwa 14, saa 12 jioni inakuwa 18. Saa za usiku na alfajiri, jumlisha 18, ugawe kwa 24 na kuchukua baki: saa 2 usiku ni 20, saa 6 usiku ni 0, saa 11 alfajiri ni 5. Kisha jaribu saa 12 asubuhi. Ukijumlisha 6 unapata 18, yaani magharibi! Saa hiyo moja, ingawa tunaiita ya asubuhi, inafuata kanuni ya usiku: 12 na 18 ni 30, baki 6. Programu nyingi za wanafunzi huangukia hapo hapo, kwenye saa ambayo mabasi mengi ya safari ndefu huondokea.

Wala usidhani saa yetu ni mzigo tu. Tuseme meli inaondoka Mwanza saa 3 usiku na kutia nanga Bukoba saa 12 asubuhi. Kwa saa zetu unatoa 3 kwenye 12, safari ni saa 9. Kwa saa za kimataifa ni 21:00 na 06:00. Toa, upate −15, kana kwamba meli imefika kabla ya kuondoka. Usiku wetu haukatwi katikati, unahesabiwa mzima kuanzia magharibi. Wa kimataifa hukatwa saa 6, na usipohifadhi tarehe pamoja na saa, hesabu inavunjika.

Ila kuna mahali ambapo hata mimi sitakutetea. Mtu akiandika "Jumamosi saa 8 usiku", wengi humaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumamosi, ambao kwa kalenda ya kompyuta tayari ni Jumapili, 02:00. Mwingine humaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi. Tofauti ni siku nzima, na hakuna kanuni itakayokuokoa. Kwa saa za kuanzia 6 hadi 10 usiku, programu yako imwulize mtumiaji, kwa Kiswahili: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?" Mstari mmoja wa swali, na jibu lake ndilo linaloingia kwenye tarehe.