Msumeno Hunyoosha Ubao, Haunyooshi Nyuzi

Katika ua wa nyumba moja ya Kigobe, mjini Bujumbura, ngazi ilivunjika kijana akichuma maembe. Mkono wake uliteguka. Mguu wa ngazi hiyo ulikuwa mnene, hauna fundo wala dalili ya mchwa, na rangi yake ingali mpya. Lakini ulivunjika mshazari, pasipo vibanzi virefu. Fundi seremala aliyeitwa aliutazama, akasema kuwa ubao ule uliharibika siku ulipopasuliwa.

Neno hilo lingeeleweka upesi kwa mafundi wanaokarabati ndege za kale za mbao. Ndege hizo si ngeni katika pande hizi. Mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za Short, zenye maboya ya kutua majini, kuvuka Ziwa Tanganyika na kuishambulia Kigoma. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ilianza kazi Nairobi kwa ndege aina ya Gipsy Moth. Mihimili ya mabawa yake ilikuwa ya mbao, ikavikwa kitambaa.

Fundi wa ndege hizo haridhiki na ukingo ulionyooka, kwani ukingo ni kazi ya msumeno, nazo nyuzi ni kazi ya mti. Zikikimbilia pembeni, uzito huzitenganisha badala ya kuzivuta, na ubao hukatika ghafla. Kanuni ya Marekani kwa mihimili ya mabawa hairuhusu nyuzi kuinama zaidi ya 1 kwa 15, yaani sentimita 2 katika urefu wa sentimita 30.

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi wazoefu: hutazama uso mmoja tu, tena hudanganywa na michoro ya pete za mti, ambayo si lazima ifuate nyuzi. Yafaa kudondosha tone la wino juu ya nyuso mbili zinazopakana na kuona linakotambaa. Nyufa ndogo za ukavu nazo husema kweli.

Mhimili uliokatika ukiungwa, ncha huchongwa mshazari mrefu, kama 1 kwa 12, kisha hutiwa gundi. Mshazari huo sharti uelekee upande zinakoinamia nyuzi.

Fundi wa Kigobe hakuhitaji wino. Alikata kipande mwishoni mwa ubao mpya wa mkaratusi, akakipasua kwa shoka. Ufa ulitoka ubavuni kabla ya kufika shubiri mbili, naye akaurudisha ubao dukani. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipasuka sawasawa toka juu hadi chini, na huo ndio uliokuwa mguu wa ngazi. Mwenye nyumba alipoleta kopo la rangi, fundi alikataa, akaomba mafuta ya kupaka mbao, ili anayepanda azione nyuzi.