Utani Una Watani Wawili

Kila mchekeshaji wa jukwaani anapolaumiwa kwa kuidhihaki rangi au asili ya watu fulani, jibu lake huwa limekwisha kuandaliwa: "Ule ulikuwa utani tu." Mashabiki nao humwunga mkono, wakatuambia kwamba siku hizi watu wamekuwa wepesi wa kununa, na kwamba asiyependa na abaki nyumbani kwake. Leo nataka tulishike jibu hilo kwa neno lake lenyewe. Wanasema utani. Vema, je, wanajua utani ni nini?

Utani, kwa asili yake, si kila neno la kuchekesha. Ni uhusiano. Huko Tanzania, Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani hukutolea maneno makali mbele ya watu, nawe humrudishia, na hakuna anayekwenda kushtaki. Lakini siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye anayefika mapema, akashika kazi za mazishi, akawachekesha wafiwa wasizame katika huzuni. Maneno yake makali yana dhamana. Mambo mawili, basi, huufanya utani kuwa utani: anayetaniwa ana zamu ya kujibu, na anayetania ana wajibu kwake. Ukiyaondoa hayo, Kiswahili kina maneno mengine ya kukiita kinachobaki: dhihaka, kebehi, tusi. Lugha yetu haikuyatenganisha maneno haya kwa ajili ya mitihani.

Mimi nafundisha Kiswahili nchini Uganda, na kila nikivuka mpaka kuna wa kunikumbusha kile kichekesho cha zamani: kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Nacheka kila mara. Kisha najibu kwamba mwenye kaburi ndiye mwenye haki ya kufufua, na kwamba Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Tunacheka wote, tunaagiza chai. Huo ni utani, na sitaki mtu yeyote aufute.

Sasa tazama mfano wa Ufaransa, ambao kwangu ndio unaofundisha kuliko yote. Dieudonné M'Bala M'Bala, ambaye baba yake ni Mkameruni na mama yake Mfaransa wa Bretagne, alipata umaarufu katika miaka ya 1990 akiwa na rafiki yake Élie Semoun, ambaye ni Myahudi. Mweusi na Myahudi walisimama jukwaa moja, wakarushiana vijembe vya rangi na asili, na Ufaransa ikacheka. Walitengana mwaka 1997. Dieudonné akabaki na vijembe vile, ila bila wa kumjibu. Mwaka 2003 alijitokeza katika televisheni akiwa amevaa kama Myahudi mwenye msimamo mkali, akainua mkono kwa saluti ya Kinazi. Tarehe 26 Desemba 2008, katika ukumbi wa Zénith jijini Paris, alimpandisha jukwaani Robert Faurisson, mtu aliyekanusha kwamba Wayahudi waliuawa katika vyumba vya gesi, na tuzo akakabidhiwa na mwigizaji aliyevaa mavazi ya mfungwa wa kambi za mateso, yenye nyota ya njano. Mahakama za Ufaransa zilimtoza faini. Alipokata shauri katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2015 ilikataa kulisikiliza, ikaeleza kwamba katika sehemu ile onyesho lilikuwa limekwisha kuacha kuwa burudani, limegeuka kuwa mkutano wa kisiasa uliovaa joho la vichekesho.

Angalia kilichobadilika. Mwigizaji ni yule yule, rangi yake ni ile ile, mada ni ile ile. Kilichotoweka ni mtani wa pili. Na angalia pia jinsi weusi wake usivyomwokoa. Wapo wanaodhani kwamba aliyewahi kudhihakiwa hupata leseni ya kudumu ya kudhihaki wengine. Leseni hiyo hutolewa na ofisi gani?

Wapo waliolielewa jambo hili bila kushtakiwa na mtu. Richard Pryor, mchekeshaji Mmarekani Mweusi, alikuwa ameliweka lile neno la kuwadunisha Weusi hata katika jina la albamu yake ya 1974. Alipozuru Kenya mwaka 1979, alisimulia baadaye, alikaa ukumbini mwa hoteli akawatazama watu wanaopita, akaona hakuna hata mmoja anayestahili kuitwa hivyo, akaliacha. Dave Chappelle naye, mwaka 2005, aliukimbia mkataba wa dola milioni 50 baada ya kusikia, wakati wa kurekodi igizo moja, Mzungu akicheka kicheko ambacho hakukielewa; alihisi anachekwa yeye wala si ujinga wa wabaguzi. Alikimbilia Afrika Kusini. (Michezo yake ya baadaye ina mabishano yake, hapa nazungumzia sikio lake la siku ile.)

Usiniambie, msomaji, kwamba hayo ni ya Ufaransa na Marekani. Hapa kwetu kuna mhusika asiyezeeka: Mhindi wa dukani, bahili, mwenye kutikisa kichwa na kuvunja lugha. Mchekeshaji akikosa la kusema, humwita huyo, na ukumbi huitikia. Ni nani katika ukumbi ule atakayejibu? Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akiwafananisha na watu wanaomkamua ng'ombe bila kumlisha. Mfano mzuri wa kuchekesha, ukiusikia ukiwa si wewe unayefunga mizigo. Aprili 2007, Kampala, watu waliandamana kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari ya familia yenye asili ya Kihindi. Hoja yao ilikuwa njema. Lakini Mhindi mmoja, mpita njia, aliuawa kwa mawe. Sisemi kwamba kichekesho kilirusha mawe. Nasema kwamba kichekesho kilikuwa kimekwisha kuwafundisha watu kwamba Wahindi wote ni mtu mmoja. Majirani zetu wa Rwanda wanajua redio ya RTLM ilivyochanganya muziki, soga na mizaha na kuwaita watu mende, na mahakama iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili mwaka 2003.

Sidai wachekeshaji wafungiwe. Serikali ikipewa mkasi wa kukata vichekesho, vya kwanza kukatwa vitakuwa vile vinavyoihusu yenyewe. Nadai kwamba wewe uliyelipa kiingilio usiazime kicheko chako kwa kila anayekiomba.

Watanijibu kwamba Mhindi ni tajiri, na kumcheka tajiri ni haki ya maskini. Ni haki kweli. Basi na achekwe kwa anachokitenda. Kama mwajiri analipa vibaya, kimtajeni kiasi anacholipa. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijarekebishwa hadi leo. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Hapo pana kichekesho cha nusu saa nzima, na hakihitaji lafudhi ya mtu yeyote.