Kompyuta Iliyochelewa Kuamka



Wapenzi wasomaji wetu, juma hili twawaletea habari ya kompyuta moja ya mjini Kisii, nayo haina budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajab tulipigiwa simu na mama mmoja mjane, jamaa yetu wa ndoa, aishiye huko. Alitueleza kwamba kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe imekuwa nzito kuamka: aiwasha, aenda kubandika chai, arudi na chai imeshachemka, na kioo kingali kimeganda kwenye nembo ya kiwanda. Sisi, bila ya kuuliza swali hata moja, tukamjibu kwamba hivyo ni virusi, au ni programu zilizorundikana; aizime, aiwashe tena, afute asivyovihitaji. Mama wa watu akatii kwa karibu miezi miwili.

Mwishoni mwa Shaabani tulipanda basi hadi Kisii kwa shughuli ya kifamilia. (Kwa wale wadhanio kwamba ukishaipita Nairobi umeuacha Uislamu nyuma: Wanubi wamekaa Kisii tangu zama za wakoloni, na adhana mjini humo husikika kama kwetu.) Mwenyeji wetu huuza vyetezo, mabakuli na visahani vya yale mawe laini yachimbwayo Tabaka, na baadhi ya vyetezo hivyo huishia majumbani mwenu huku Mombasa. Lakini si hesabu za duka zilizomkosesha usingizi. Yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake 22, na madaftari yote ya chama aliyahamishia ndani ya kompyuta ile: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa nusu na nusu bado. Sisi tunaosoma kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandika madeni, tulipaswa kuuliza tangu siku ile ya simu ni kitu gani kilichomo ndani ya chombo hicho.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Jirani alisema ni vumbi la mawe. Neno hilo si la kupuuzwa, kwani mawe ya Tabaka yanapochongwa na kupigwa msasa hutoa unga mweupe unaopenya kila mahali. Unga huo ukiziba feni, kompyuta hupata joto na kupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Lakini uzito wa namna hiyo huja baada ya mashine kufanya kazi kwa muda. Hii yetu ilikuwa nzito alfajiri, ikiwa baridi kabisa, na Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Asubuhi zake si za kuzipuuza. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakuuliza lolote. Alitaka aifute yote na kuweka Windows upya. Alhamdulillahi, siku ile mama hakuwa na fedha ya kumlipa.

Fundi wa pili alikuwa kijana mdogo, na swali lake la kwanza ndilo tulilopaswa kuuliza sisi.

"Mama, inakawia wapi? Kabla nembo ya Windows haijatokea, au baada yake?"

"Kabla, mwanangu."

"Basi tusiwashuku virusi kwanza."

Nasi tukaomba atufafanulie. Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows kuguswa, kuna programu ndogo iliyomo kwenye bodi kuu ambayo huvikagua viungo vya mwili wake: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Kila kiungo huitika. Kiungo kimoja kikichelewa kuitika, wote humngoja. Virusi vya kawaida na programu zilizorundikana hukaa upande wa Windows, na wakati huo Windows bado imelala. Kwa hiyo mashine ikiganda kwenye nembo ya kiwanda, mtafute mgonjwa miongoni mwa viungo.

Kijana aliizima, akauchomoa waya wa umeme ukutani, akafungua kifuniko, akatoa nyaya za diski kuu, ile waiitayo hadi-diski. Alipoiwasha bila ya diski, ukaguzi ulipita kwa sekunde chache, kisha ikalalamika kwamba haina pa kuanzia. Akairudisha diski kwa waya mpya, kwani huenda ubovu ukawa wa waya, na waya ni kitu cha bei ndogo. Ikaganda tena. Akabadilisha na tundu la kuchomekea, ikaganda. Hapo akaipachika diski ile kwenye kompyuta yake mwenyewe, nayo, iliyokuwa nyepesi, ikawa nzito papo hapo. Hapakuwa na shaka tena. Akafungua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia juu ya afya yake, na humo mlikuwa na hesabu kubwa ya sehemu zisizosomeka.

Wale waliokulia kwenye nyumba zenye santuri wataifahamu diski hii upesi. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, nyingi kwa mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye ncha unaosoma. Tofauti ni kwamba ncha hii haigusi sahani; huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ya kwanza kuuzwa ilitoka IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50, nayo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Sahani ikiharibika mahali, diski haikati tamaa. Husoma pale pale tena na tena, pengine kwa sekunde nyingi, na kompyuta yote yangoja. Dakika zile ishirini za mama zilikuwa dakika za chombo kikirudia kusoma mahali palipokufa.

Na kila tulipomwambia aizime na kuiwasha, tulikirudisha pale pale. Kisii ni nchi ya ngurumo na radi za alasiri, na umeme hukatika ghafla. Hatuwezi kusema ni nini kilichoianzisha jeraha. Lakini kuwashawasha hakukuisaidia.

Kijana alitukataza mambo mawili: tusiweke Windows upya juu ya diski ile, na tusiiendeshee programu ya kuitengeneza kabla ya kunakili, maana kazi zote mbili huisugua diski iliyo taabani. Akaanza na kabrasha la chama, kisha picha za marehemu, kisha mengineyo. Usiku kucha. Mama aliketi kwenye mkeka akiutazama mstari wa kijani ukisogea, na tasbihi mkononi. Asubuhi kompyuta ilipata diski mpya ya aina isiyozunguka, isiyo na sahani wala mkono, kwa shilingi elfu tatu na ushei. Ikaamka kabla hatujamaliza kukaa vitini.

Tunawaomba msomapo haya mtazame ni wapi yalipo madaftari yenu. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi nayo hula meno ya nyaya, na uzito kama ule huenda ukaisha kwa kuchomoa na kuchomeka upya. Lakini nakala itangulie. Flashi moja iwekwe nyumba nyingine, na daftari la karatasi lisitupwe.

Picha zote ziliokoka. Hesabu za chama ziliokoka ila faili moja, ya mwezi wa Rajab wenyewe. Wanawake wakakusanyika sebuleni, kila mmoja na simu yake, wakisoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine, na mwenyeji wetu akiandika. Ilipofika Adhuhuri zilibaki shilingi 1,500. Mama mmoja alisema alizitoa taslimu, mkononi. Hapana ujumbe wala shahidi, wala mweka hazina hakukumbuka.

"Mwandikeni kuwa amelipa," akasema mwenyeji wetu. "Nitazijaza mimi."

Tuliomba tuzitoe sisi, kwa kuwa shauri la miezi miwili lilikuwa letu. Alikataa. Baada ya sala alikubali nusu.