*TAWI HALIPOKEI KOMBE LISILO NA WAVU*

Wanachama wenzetu,

Ujumbe huu ni mrefu kidogo. Tunaomba muusome mpaka mwisho kabla ya kuusambaza.

Tangu Malkia Strikers watoke Thailand, kuna maneno yanayozunguka katika makundi yetu ya simu. Eti walienda Phuket kutalii. Eti nchi inapoteza pesa kwa timu isiyoshinda. Eti voliboli ya wanawake iachwe, hela zote ziende kwa kandanda "kwenye watu". Waliosambaza maneno hayo ni wanachama wa tawi hili, na wawili kati yao wana vyeo. Walisema hadharani, nasi tunawajibu hadharani.

Tuanze na matokeo, maana wengi wanaobeza hawakutazama hata seti moja. Mashindano ya dunia ya voliboli ya wanawake yalichezwa kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 7 Septemba 2025. Timu zilikuwa 32, na kutoka Afrika zilienda tatu tu: Kenya, Misri na Cameroon. Sisi tuliwekwa kundi moja na Poland, Ujerumani na Vietnam. Poland na Ujerumani walitufunga. Vietnam tuliwapiga seti 3-0. Anayeona hilo ni dogo akumbuke tulikotoka: Olimpiki ya Tokyo tulicheza mechi tano, ya Paris tatu, na zote nane tulifungwa 3-0. Seti 24, hatukuambulia hata moja. Leo tumeshinda tatu kwa mkupuo mmoja, halafu mtu aliyelala sebuleni anaandika kwamba walienda kuogelea.

Tarehe 22 Agosti, siku mashindano hayo yalipoanza, ndiyo siku Harambee Stars walipotolewa CHAN na Madagascar kwa penalti pale Kasarani. Nchi nzima ililia, na sisi tulilia. Hatuna ugomvi na vijana wale. Lakini Harambee Stars hawajawahi kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, achilia mbali kulichukua, na hatujasikia mwanachama yeyote akisema timu ivunjwe. Malkia Strikers wamekuwa mabingwa wa Afrika mara 10, mara ya mwisho mwaka 2023 kule Yaoundé. Mwenye makombe 10 anaambiwa arudi jikoni. Asiye nalo anaambiwa avumilie, atafika. Kama kuna hesabu nyingine hapo zaidi ya ile ya nani kavaa sketi, tuonyesheni.

Wengine wanasema kwa upole kwamba wenzetu wametuzidi mbali mno, kwa hiyo tusijisumbue. Wanaosema hivyo wamekata tamaa mapema. Italia waliwashinda Uturuki 3-2 kwenye fainali. Moja ya klabu kubwa za Uturuki, VakıfBank, ni timu ya benki, kama ilivyo KCB yetu, ambayo ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022. Kwa hiyo huku juu hatukujenga nyumba tofauti sana na yao: KCB, Pipeline na Magereza wamewapa wasichana kazi na mahali pa kuchezea kwa miaka mingi. Shida iko chini. Msichana wa kwetu huugusa mpira wa voliboli kwa mara ya kwanza akiingia sekondari, tena akibahatika kupata shule yenye mwalimu anayejali, kama Kwanthanze ya Machakos. Asipobahatika basi. Akimaliza kidato cha nne hana wavu, hana uwanja, hana mtu wa kumrushia mpira. Hao wa Poland tuliokutana nao Phuket hawakuanza hivyo.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo tunapohusika.

Mwaniaji mmoja wa kiti katika eneo letu (jina tunaliacha, hii si kampeni ya kumchafua mtu) ameleta ombi kwa tawi. Anataka kuanzisha kombe lenye jina lake: timu 16 za kandanda, jezi zenye sura yake mgongoni, ng'ombe kwa mshindi. Kwetu anataka orodha ya vijana, kituo kwa kituo cha kupigia kura. Tulipouliza wasichana watacheza nini, msaidizi wake alijibu kwamba kina mama na wasichana wana nafasi yao: watapika na kuongoza nyimbo.

*Kamati imekataa ombi hilo.* Jina la tawi, bendera ya tawi na orodha za tawi havitatumika katika kombe hilo mpaka liwe na voliboli ya wanawake, zawadi iwe sawa, na uwanja ubaki baada ya mashindano.

Tunajua kuna watakaonung'unika kwamba tumefukuza hela. Hela gani? Jezi zitapauka kabla ya Krismasi. Ng'ombe ataliwa siku moja. Kura za wanawake wa tawi hili ni za miaka mitano, na ndio wanaojaza mikutano yetu hata mvua ikinyesha. Mwenyekiti wa vijana ameuliza kama wasichana wenyewe wameomba. Ndiyo, wameomba. Mwezi wa nne waliandika barua na ikasomwa kikaoni. Yeye alikuwa nje akizungumza kwa simu.

Na msituambie hakuna nafasi. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Ongeza mita tatu kila upande za kukimbilia mpira, unapata 24 kwa 15. Ndani ya uwanja mmoja kamili wa kandanda wa mita 105 kwa 68 unaweza kupanga viwanja 16 vya namna hiyo. Sisi tunaomba kimoja. Nguzo mbili, wavu wa kimo cha mita 2.24, mchanga ili mtu akijirusha asichune magoti, na taa moja, kwa sababu wasichana wengi humaliza kazi za nyumbani jua likizama na wazazi hawawaruhusu kurudi gizani. Taa hiyo mtaiona kama anasa. Bila taa uwanja utakuwa wa wavulana tena baada ya wiki mbili.

Wala hatuombi hisani. Katiba, Jedwali la Nne, imeyapa serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Kifungu cha 27 kinasema wanawake na wanaume wana haki ya nafasi sawa. Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo umma huitwa kutoa maoni. Safari iliyopita ukumbi ulikuwa na viti vitupu, na wanachama wetu walikuwa nje wakingoja soda. Safari hii tunaingia na ombi lililoandikwa, lenye eneo, vipimo na sahihi.

Mwaka 2027 kuna uchaguzi mkuu, na kuna mashindano mengine ya dunia ya voliboli. Mwaniaji yeyote anayetaka kusimama nasi kwenye la kwanza atatueleza kwanza amefanya nini kuhusu la pili, hapa hapa wadini.

Kikao ni Jumapili saa tisa alasiri, mahali pa kawaida. Kila kituo kilete majina ya wasichana na wanawake wanaotaka kucheza, bila kikomo cha umri, na kipendekeze sehemu moja ya ardhi ya umma isiyo na kesi. Utepe wa kupimia uko kwa katibu.

_Kamati ya Tawi_