JINA LA BIRIANI HALIHALALISHI NYAMA



Ndugu wanafunzi, kila mwaka baadhi yenu mnatutoka kwenda vyuoni: Chuo cha Ualimu Bunda, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kule Butiama, na vingine hapa Musoma. Huko mtatamani biriani, chapati, sambusa na bajia. Asili ya vyakula hivi ni Bara la Asia. Vilitufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, tukavifanya vyetu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisikia "biriani" hudhani hicho tayari ni chakula cha Kiislamu. Sivyo. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Allah (S.W.) ametuamrisha kula kilicho halali na kizuri, yote mawili. Basi muulize mama ntilie kwa adabu: Nyama hii amechinja nani? Sambusa ni ya nyama au ya dengu? Mafuta haya yamekaangia nini? Usiporidhika na jibu, usilale njaa. Samaki hahitaji kuchinjwa, na ziwa letu lina sato na sangara. Mchuzi wake wa bizari kwa chapati ni mlo kamili.

Nanyi wazazi, msiwafundishe kupika mabinti peke yao. Kijana wa kiume anayejua kusukuma chapati na kuunga dengu, akichangishana na wenzake waliopanga pamoja, atakula vizuri, kwa bei nafuu na bila shaka moyoni.

Wabillahi tawfiq.